Siti ya baiskeli ikiraruka, mpite fundi wa baiskeli uende kwa wa nduthi (pikipiki)

Wacha nianze na maji, maana hapo ndo shida yote iko. Watu wakiona siti ya baiskeli imeraruka wanadhani tatizo ni sura, ati inakaa vibaya, ati mwenyewe amelemewa na maisha. Sura si neno. Baiskeli yangu ina mikwaruzo toka mbele mpaka nyuma na hainikoseshi usingizi. Kinachosumbua ni kwamba chini ya ile kava kuna sponji, na sponji ikipata mwanya inakunywa maji. Kava ikiwa nzima mvua inateleza inaenda zake. Ikipasuka, hata mpasuko wa urefu wa kidole tu, mvua ya usiku mmoja inaingia yote, alafu asubuhi unapangusa siti juu na kitambaa unaona imekauka vizuri, unaikalia, uzito wako unaifinya ile sponji na maji yote yanapanda yanahamia kwa suruali. Unafika job unasalimia watu ukiwa umeegemea ukuta.

Na ikishaloa haikauki leo wala kesho, maana mlango wa maji kutokea ni ule ule mpasuko yaliingilia. Jua linaweza waka nje siku mbili tatu na ndani bado ni chepechepe. Kwa hivyo mvua ndefu za hapa Nairobi, zile za Machi mpaka Mei, ukiwa na siti imeraruka hesabu umelowa mpaka Juni. Aprili 2024 ndo nilichoka na yangu kabisa, ile Aprili ya mafuriko (na naona hata aibu kulalamikia suruali nikikumbuka vile watu wa Mathare walipoteza nyumba na jamaa zao), nikasema hii kitu lazima itengenezwe, na hapo ndo nikagundua kwamba jiji zima la mafundi, kila mtu anaweza kuninunulisha siti mpya na hakuna anayetaka kushona ya zamani.

Zamani hii shida ilikuwa na dawa ya bure. Juala la supamaketi likishamaliza kazi ya kubeba unga linaenda kuvalishwa siti, unapiga fundo chini, kwisha. Ukipita mahali baiskeli za wafanyikazi zimeegeshwa huko Industrial Area ulikuwa unaona safu nzima ya majuala, ya kila rangi. Alafu tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza kufanya kazi, faini milioni 2 mpaka 4 ama jela mwaka 1 mpaka 4, na siwezi danganya, mi nilifurahi maana mitaro ya kwetu Umoja ilikuwa imeziba na hayo majuala, lakini inaonekana hakuna mtu huko juu alikumbuka siti za baiskeli. Kilichobaki ni karatasi ya mkate, hiyo iliponea kwa sababu ni ya kufungia bidhaa kutoka kiwandani.

Soja wa ploti yetu, yule mlinzi wa geti, mzee mmoja mpole anakuja kazi na baiskeli ya Black Mamba kutoka Njiru, ndo profesa wa karatasi ya mkate. Atakwambia ya gramu 400 inatosha hizi siti nyembamba za baiskeli za mlimani, lakini Black Mamba, ile nyeusi nzito ya chuma ya kubeba magunia, siti yake ni pana inataka ya gramu 800. Na anaigeuza nje ndani, maandishi yaangalie siti, kwa sababu wino ukikutana na jasho unachapa suruali. Kuna siku alinieleza haya yote akiwa amesimama na kikombe cha chai bila kucheka hata kidogo. Tatizo la hiyo karatasi ni kwamba inateleza, unapiga breki unajikuta umehamia mbele, na inapasuka haraka hapo pembeni mapaja yanaposugua, kwa hivyo ni dawa ya kununua mkate kila mara. Kuna wenye wanatumia zile kofia za plastiki za kuogea za hotelini, hizo zina lastiki na zinashika vizuri, kama uko na rafiki anafanya kazi hoteli mwambie.

Sasa siti inapasuka kwa nini. Wengi hulaumu uzito wao, na sio uzito. Hizi kava za bei yetu karibu zote ni plastiki ile PVC imepakwa juu ya kitambaa, na PVC yenyewe ikiwa tupu ni ngumu, ndo ile ile ya mabomba ya maji. Inalainishwa na mafuta fulani yanachanganywa kiwandani, na hayo mafuta yanatoka pole pole miaka ikienda, na jua likiwa kali yanatoka mbio. Weka hapo kwamba Nairobi iko karibu na ikweta na tena iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, baridi ya Julai inakudanganya lakini miale ya jua ya hapa ni mikali mwaka mzima. Na baiskeli zetu nyingi ni mtumba, zimeshakula miaka huko zilikotoka kabla zipakiwe kontena. Kwa hivyo unanunua baiskeli fremu iko sawa, gia ziko sawa, siti inang'aa maana imepakwa polishi ya dashibodi, alafu baada ya muda mfupi kava inaanza nyufa ndogo ndogo pale mbele kwenye pua, na zile kona mbili za nyuma zinazogonga ukuta kila ukiiegesha. Ukiona zile nyufa ndogo kava imeshakufa, gundi haitafufua kitu, hapo ni kuvalisha upya. Lakini ikiwa kava bado ni laini, ukiifinya inarudi, na imeraruka mahali pamoja tu kwa sababu ilianguka kwa kokoto ama ilikwaruzwa na msumari wa geti, hiyo inatibika.

Kuna faida moja tu ya siti iliyoraruka nayo ni wezi. Siti nzuri yenye kile kifungio cha kuvuta na mkono ukiiacha nje ya duka utarudi upate bomba tupu, ndo maana unaona watu wanaingia benki na siti kwa kwapa. Siti imevishwa karatasi ya mkate hakuna mtu ataisumbua. Jamaa mmoja wa kazini anaendesha na siti imefungwa teipu nyeusi kila mahali na anaapa chini ya teipu ni siti mpya kabisa.

Nikaanza na mafundi wa baiskeli, si ndo mtu angeanza nao. Wa kwanza aliiangalia akaning'iniza mbele yangu siti mpya imefungwa karatasi. Wa pili vivyo hivyo. Na sio ubaya wao, ukiangalia kazi yao ni spoku, bearing, cheni, breki, kushona hakumo. Lakini hizo siti mpya za bei ya chini ziangalie vizuri kabla ya kutoa pesa, finya katikati na kidole gumba, utakuta kidole kinazama mpaka kinagonga plastiki ya chini. Hiyo inapendeza dukani dakika mbili, barabarani ukitoka Umoja mpaka Jogoo Road na zile bampu zote, mifupa ya makalio inazama inakaa juu ya plastiki tupu, na ile sponji laini inabaki kukufinya katikati mahali hapafai kufinywa. Siti yangu ya zamani ilikuwa ngumu kiasi, imeshanizoea. Kubadilisha siti mwili umeshaizoea kwa sababu ya kava peke yake naona ni hasara, na hapo sitaki kubishana na mtu.

Basi kwa zile zinazotibika, ushauri niliopewa na fundi wa viatu wa hapo stage ndo bora kuliko yote nimesikia. Kwanza supa gluu usiguse. Inashika kwa sekunde ndio, lakini ikikauka inakuwa ngumu kama kioo na siti ni kitu cha kukunjika kila ukipiga pedali, kwa hivyo inakatika na inakata kava pembeni yake, mpasuko unarudi mrefu zaidi. Tumia ile gundi ya manjano ya viatu. Ya pili, usivute midomo ya mpasuko ikutane alafu uishone juu juu, maana kila tundu la sindano ni tundu la maji, na matundu yakikaribiana sana ama yakiwa karibu na ukingo unakuwa umeichorea kava mstari mpya wa kurarukia. Kiraka kinaingia chini. Unakata kipande cha kitambaa kigumu ama leza ya viti (ile ngozi bandia), kikubwa kupita mpasuko kila upande angalau upana wa kidole, kona uziviringe zisiwe kali, alafu unakipenyeza ndani kati ya kava na sponji na ncha ya kisu butu. Gundi inapakwa kwa kiraka na inapakwa pia chini ya kava, pande zote mbili, na hapa ndo watu wengi wanakosa subira, unaacha wazi dakika 10 ama 15 mpaka ukigusa haikushiki kidole. Ndo sasa unabana. Hiyo gundi haitaki kukaukia ndani, inataka ikauke kidogo kwanza alafu ikutane na mwenzake. Ikikutana imeshika, hakuna kusogeza, kwa hivyo lenga vizuri.

Lakini hiyo yote ni kama sponji iko kavu. Ukifunga kiraka juu ya maji umeyafungia jela, yatakaa humo yanuke na kutu ipande kwenye stepla za chini.

Yangu haikuwa ya kiraka. Pua yote ilikuwa imechanika na kona moja ya nyuma sponji ilikuwa inatoka nje ikiwa rangi ya uji. Fundi wa viatu akanitazama akasema, "Hii peleka kwa wale wa nduthi." Na mi nimepita hao watu maisha yangu yote bila kuwaona. Unajua wale wako kando ya barabara, cherehani nzito nyeusi iko nje chini ya mwavuli, rundo la viti vya pikipiki vimevuliwa nguo, na zile kava zao za kupendeza zimeninginizwa kwa kamba, nyeusi na mistari nyekundu, zingine zimeandikwa aya ya Biblia, zingine bendera ya timu ya Uingereza. Karibu kila mtaa uko na mmoja. Wanashona pia viti vya matatu. Siti ya baiskeli kwao ni kitu kidogo, ni leza ile ile, sponji ile ile, stepla ile ile, na hakuna siku wamekaa wakafikiria kujitangaza kwa watu wa baiskeli maana watu wa baiskeli hawaji.

Huyu wangu ni mzee wa makamo, mtu wa Busia. Nilimwekea siti mezani nikasema, "Shikamoo mzee, naskia unaweza hii." Akaicheka kidogo, akaigeuza juu chini, akaniambia yeye alianza na baiskeli kabla ya hizi pikipiki. Na nilipomuuliza ndo nikapata historia nzima. Boda boda yenyewe ilianza huko kwao mpakani, miaka ya 60, baiskeli za kuvusha watu na mizigo kati ya upande wa Kenya na wa Uganda, na mtu hawezi kaa kwa keria ya chuma tupu kwa hiyo njia, kwa hivyo kila keria ilikuwa na mto wake, leza juu, nyasi ama sponji ndani, na vishada vya kuning'inia pembeni vya kuvutia abiria. Wale waliokulia magharibi wanavikumbuka. Kulikuwa na mafundi kazi yao ni hiyo tu. Alafu mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya 250cc, pikipiki zikajaa kila mahali, waendeshaji wakahama na mafundi wa mito wakahama nao. "Mteja akinunua injini, mi nafanya nini na keria?" Kwa hivyo ukweli ni kwamba ufundi wa siti za baiskeli haukufa, ulihama tu ukaenda kukaa upande wa pili wa barabara, na sisi wa baiskeli tukabaki tunauziana siti za kutupa.

Akanifukuza siku hiyo. Alifinya ile sponji akaona maji, akasema hashoni juu ya maji, niitoe kava yote nyumbani niiache sponji kivulini palipo na upepo mpaka ikauke kabisa, tena si juani, maana ile sponji jua likiipiga moja kwa moja siku nyingi inageuka manjano na kuanza kuvunjika unga. Kuvua kava ni kazi rahisi, unageuza siti, unatoa stepla za chini moja moja na bisibisi bapa na plaizi, taratibu, alafu kava ya zamani huitupi hata kama imechanika vipi kwa sababu hiyo ndo ramani ya kukatia mpya. Nilipoivua nikakuta kwenye pua sponji imeshakuwa unga. Hiyo sehemu alikata akatupa, akajaza na kipande cha godoro kigumu akikichonga na wembe mpaka umbo likarudi.

Vile alivyovalisha kava ndo sehemu ningekaa nitazame tena hata bila siti. Alikata leza kubwa kupita ramani, nyuma yake ikiwa na ule ufumwaji kama wa fulana unaovutika, akaniambia leza yenye mgongo wa kitambaa kigumu usikubali, haivutiki, itakunja makunyanzi. Akaipasha joto na kile kikaushio cha nywele, sio moto, ni joto tu la kuilegeza. Akashika pua kwanza, stepla moja katikati kabisa chini ya pua. Kisha akageuza siti, akaibana na magoti yake, akavuta nyuma kwa plaizi pana mpaka mishipa ya mkono ikatokea, stepla moja nyuma katikati. Halafu sasa pembeni, kushoto moja kulia moja, kushoto moja kulia moja, hamalizi upande mmoja hata siku moja maana leza itaegemea. Pale kwenye mabega siti inapopanuka leza inabaki nyingi chini, hapo anachukua mkasi anakata vipande vidogo vya pembetatu kwenye ukingo, vingi, alafu anakunja kila ulimi wa leza juu ya mwenzake na kupiga stepla, na ukigeuza juu hakuna kunyanzi hata moja. Stepla zenyewe ni fupi za milimita 6. Ndefu zaidi zinatoboa plastiki ya chini zinatokea upande wa makalio, na hiyo utaijua ukiwa barabarani.

Nikamuuliza mbona asipake gundi tu hapo chini aachane na stepla. Akachukua tone la ile gundi ya manjano akapaka kwa plastiki ya siti, akangoja, akalibandua na ukucha likatoka zima. Ile plastiki ya chini mara nyingi ni polipropilini na gundi za kawaida haziipendi kabisa. Gundi yake aliipaka kidogo tu kati ya leza na sponji pale kwenye bonde la katikati, ili kava isinyanyuke. Mwisho akapasha msumari moto akatoboa tundu dogo chini nyuma kabisa. Maji yakiingia siku moja, alisema, yapate njia ya kwenda nyumbani.

Tulibishana vitu viwili na nataka uvijue kabla hujaenda, kwa sababu hawa mafundi mawazo yao yote ni ya pikipiki. Kwanza watataka kuongeza sponji. Kwa pikipiki sawa, wewe umekaa tu, hupigi pedali. Kwa baiskeli ukiongezewa godoro la inchi mbili unazama, mapaja yanasugua, na tena siti imepanda juu kwa hivyo lazima ushushe bomba la sivyo nyonga zitakuwa zinacheza kushoto kulia ukitafuta pedali. Mwambie unene ubaki vile ulikuwa. Pili wanapenda mistari. Ile mishono mizuri ya rangi juu ya siti ndo sifa yao, na kwa baiskeli kila mshono wa juu ni matundu ya maji na ni kitu cha kukukwaruza kilomita zote. Leza iwe kipande kimoja, mishono ikae chini ama isiwepo. Aliumia kidogo, nilimwona. Akaniambia siti bila mstari ni siti ya mtu hana furaha.

Alinilipisha 300, na leza ilikuwa yake. Ukitaka kuchagua rangi yako mwenyewe mafundi wengi watakutuma huko Kirinyaga Road, Grogan ya wazee, ununue kipande, lakini kwa kitu kidogo hivi masalio ya kiti cha pikipiki yanatosha na yanabaki.

Soja alipoiona akaishika, akaibonyeza, akaizunguka. Siku iliyofuata yake ikawa imefunguliwa imelala kwa meza ya geti. Sasa siti ya Black Mamba ni mnyama mwingine, haina plastiki chini, ni chuma na springi tupu, stepla utaipigia wapi. Mzee wa Busia akaishonea koti zima la kuvaa, akapima na kamba, akakunja ukingo wa chini ukawa na mfereji na ndani akapitisha blada, ile mipira inakatwa kutoka kwa tyubu, inavutwa chini ya springi na kufungwa. Inatoka ukitaka kuiosha. Na yeye soja mistari alitaka, alitaka nyekundu, hao wazee wawili wakaelewana ndani ya dakika moja na mimi nikaambiwa nikae pembeni. Mishono ikawekwa pembeni chini ya ukingo, hapo maji hayakai, kwa hivyo hata mi sina la kusema, inapendeza.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu ngozi halisi. Ziko, ila chache, na nyingi ambazo utaona hapa ni za wazungu waliohama ama za mtumba uliobahatika. Zile za Brooks za Uingereza, yule bwana alianza na vifaa vya farasi huko Birmingham kabla ya kuchukua hati ya ubunifu wa siti mwaka 1882, hazina sponji wala kava, ni ngozi nene moja imevutwa kati ya pua na nyuma, na mbele kuna nati ya kuikaza ikilegea. Hiyo ikichanika hakuna cha kuvalisha, imeisha, labda upate mtu wa ngozi Kariokor akukatie nyingine na kuipigia ribiti, na hapo unalipa pesa ya kweli. Cha muhimu ni isilowe sana, na ikilowa isianikwe juani wala kukalishwa karibu na jiko, ikauke pole pole ikiwa imepakwa mafuta ya ngozi. Ukikalia ngozi ikiwa imeloa inanyooka na hairudi.

Kwa hizi zetu za plastiki matunzo ni madogo, iegeshe kivulini ukipata kivuli, na ile polishi ya dashibodi inayofanya siti iteleze usipake. Jik pia hapana, kuna watu wanasugua siti na Jik ndo iwe nyeupe, inaikausha.

Kama unataka kwenda, usisukume baiskeli nzima, fungua siti na alenki uibebe kwa begi, baiskeli ibaki nyumbani. Usiende asubuhi mapema, muda huo watu wa nduthi wamejaa hapo wanataka viti vyao warudi kazini na wewe utangojeshwa, saa nane mchana hivi huwa wametulia wanacheza drafti. Nenda ikiwa kavu. Beba na ile kava ya zamani hata kama ni matambara, na bei muulize kabla hajashika mkasi.